Simu Kutunza Pointi za Karata kwa Sauti: Nani Anasikia, Nani Anahesabu?

Kwenye vibaraza vya Mikindani na Lindi mjini, karata au dhumna zikishika kasi baada ya isha, daftari la pointi limeanza kupata mshindani. Mtu anaishika simu, anaiambia "Korosho ishirini na tano", kisha anaisubiri ijumlishe. Mara nyingine inafanya vizuri. Mara nyingine inaandika ishirini tu, au inageuza jina la mchezaji kuwa neno jingine kabisa, au inatunza raundi nne sawasawa na ya tano inapotea bila mtu kujua. Hapo kila mmoja anakuwa fundi: simu ya bei rahisi hiyo, mtandao mbovu, lafudhi yetu ya kusini haieleweki, mashine ina upande wake.

Mengi ya maelezo hayo hayafiki mbali, kwa sababu yanaichukulia kazi ya kutunza pointi kwa sauti kama kazi moja. Ni kazi tatu, na kila moja ina namna yake ya kuharibika.

Tuanze na maneno yenyewe. Amri ya sauti ni maneno unayotamka ili kifaa kifanye jambo bila wewe kubonyeza. Utambuzi wa sauti ni hatua ya kugeuza mlio wa sauti kuwa maandishi. Uandishi wa sauti ni pale kibodi inapoandika ulichosema na kuishia hapo. Haijui kama umetaja pointi au bei ya samaki. Msaidizi wa sauti, kama Siri ya Apple, Alexa ya Amazon au Msaidizi wa Google, anakwenda mbele zaidi: anachukua maandishi, anakisia unataka nini, kisha anatenda. Neno la kuamsha ni lile jina unalomwita kwanza ili azinduke.

Sasa fikiria ghala la chama cha msingi siku ya kupima korosho. Mmoja anasoma mzani na kutaja kilo kwa sauti. Wa pili anatafuta ukurasa wa mkulima mwenye mzigo. Wa tatu anaandika na kujumlisha. Kilo zikipungua daftarini, kumlaumu karani kabla hujajua kama mzani ulisomwa vibaya ni uonevu. Simu nayo iko hivyo: kuna sehemu inayosikia, sehemu inayoelewa pointi ni za nani na zifanywe nini, na sehemu inayohesabu. "Imekosea" halisaidii mpaka ujue ni ipi kati ya hizo.

Kusikia

Kwa upande wa Kiswahili, hapa ndipo penye shida kubwa zaidi. Siri, iliyotoka Oktoba 2011, haipokei amri kwa Kiswahili; Alexa nayo haipokei. Alexa inaweza kutunziwa pointi, lakini sharti uzungumze nayo kwa Kiingereza au lugha nyingine inazozijua. Ndiyo maana video za mtandaoni zinaonyesha spika ndogo ikitunza pointi bila tatizo, halafu mtu wa Shangani akijaribu hivyo hivyo kwa Kiswahili anaambulia jibu lisilohusiana. Hajakosea kitu. Lugha haimo.

Kinachofanya kazi kwa Kiswahili ni uandishi wa sauti. Agosti 2017 Google iliongeza lugha 30 kwenye huduma hiyo, Kiswahili na Kiamhari zikiwamo. Lakini kuwamo si sawa na kushiba. Mifumo hii hujifunza kwa kusikilizishwa saa nyingi za sauti zenye maandishi yake. Mfumo wa Whisper wa OpenAI, uliotolewa Septemba 2022, ulifundishwa kwa saa 680,000. Kati ya hizo saa 438,000 zilikuwa za Kiingereza, na lugha nyingine 96 ziligawana saa 117,000. Kwa hiyo madai kwamba lafudhi ya kusini ndiyo mbovu yamegeuza mambo kichwa chini. Lafudhi haina kasoro. Mashine ndiyo haijaisikia vya kutosha. Mtu aliyekulia katika Kimakonde, Kimwera au Kiyao anasema Kiswahili chake vizuri kabisa, ila mfano wa sauti yake ni adimu katika mafunzo ya mashine.

Uhaba huo una athari moja inayowasumbua sana wachezaji. Mashine isipokuwa na uhakika na ilichosikia, huchagua neno ambalo imelikuta mara nyingi zaidi. Asha anakuwa "washa". Saidi anakuwa "saidia". Kopa ya kwenye karata inaangukia kwenye kopa ya mikopo, ambayo mtandaoni imejaa tele. Ree (karata ya A) na seti (karata ya saba) usizitaje kabisa. Ipe namba tu, na badala ya majina ya watu tumia majina ya timu yasiyofanana kwa mlio: Korosho na Ufuta yanatosha, kwa sababu vokali zake ziko mbalimbali na hayakaribiani na namba yoyote.

Namba nazo zina mitego yake, na mtego mkubwa ni sita na tisa. Zina vokali zile zile kwa mpangilio ule ule, na konsonanti zile zile mbili zilizobadilishana nafasi. Sitini na tisini hali kadhalika. Sikio la binadamu linasaidiwa na kuona karata mezani. Simu haina msaada huo. Tena sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu, zaidi ya mizunguko 4,000 kwa sekunde, na mlio huo mwembamba ndio wa kwanza kumezwa na feni, televisheni ya mpira, au mvua ya Januari juu ya bati.

Mtego wa pili unahusu jinsi tunavyojenga namba. Tarakimu ya mwisho inakuja mwishoni, nyuma ya "na". Simu hufunga masikio ikikuta kimya kifupi. Ukisema "ishirini…" ukageuka kuuliza "ni tano au sita hizo?", imeshaandika 20 na kuondoka. Ukiona pointi zinazoishia na sifuri zimezidi kwenye orodha, usitafute mchawi. Mtangazaji anasitasita katikati ya namba. Dawa ni kuhesabu kwanza, kukubaliana, ndipo mtu mmoja ataje namba nzima kwa pumzi moja.

Kuweka simu mahali pake

Wengi huiweka simu katikati ya meza ili isikie kila mtu. Kwa dhumna hilo ni kosa. Kete ikibamizwa, mtikisiko unapita kwenye ubao moja kwa moja hadi kwenye maikrofoni, na mara nyingi inabamizwa sekunde ile ile mtu anapotangaza pointi. Itoe simu mezani. Mtunza pointi aishike, au iwe juu ya kanga iliyokunjwa kwenye kiti pembeni yake, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Kutoka sentimita 25 hadi mita moja umeongeza mara mbili, mara mbili tena. Kinachofika ni sehemu moja ya kumi na sita, huku kelele za kibaraza zikibaki pale pale.

Kupiga kelele hakulipi pengo hilo. Sauti kubwa mno karibu na maikrofoni hukatwa vilele na kukwaruza, na mtu anayefoka hubadilisha umbo la maneno, jambo ambalo mashine haikufundishwa kwalo. Ongea kama unavyoongea na mtu aliyekaa kando yako. Angalia pia kitundu cha maikrofoni, mara nyingi ukingoni chini karibu na sehemu ya chaji: kava lisilolingana na simu hukiziba, na vumbi la mfukoni humalizia.

Namna inayofanya kazi

Njia ninayoipendekeza ni ya nusu kwa nusu: kidole kichague pointi ni za nani, sauti itaje ni ngapi. Kwa kufanya hivyo umeiondoa kabisa ile kazi ya pili, ya kuelewa, ambayo kwa Kiswahili bado haina wa kuitegemea.

Kwenye simu ya Android yenye kibodi ya Gboard, fungua mipangilio ya kibodi, nenda kwenye lugha, ongeza Kiswahili (Tanzania). Kisha ingia sehemu ya kuandika kwa sauti uhakikishe imewashwa na lugha iliyochaguliwa ni hiyo hiyo. Fungua jedwali jipya kwenye Google Sheets. Mstari wa kwanza andika: A1 Raundi, B1 Korosho, C1 Ufuta, D1 Hakiki. Pembeni, kwenye F1 weka =SUM(B2:B60) na kwenye F2 weka =SUM(C2:C60). Hizo ndizo jumla zenu. Kwenye D2 weka =B2+C2, unakili kushuka chini. Kwenye F3 weka =COUNT(B2:B60).

Raundi ikiisha, gusa kisanduku cha Korosho cha mstari huo, gusa alama ya maikrofoni, ngoja sekunde moja, taja namba. Angalia kilichoandikwa. Hamia kwa Ufuta. Kibodi ikiwa imejigeuza kuwa ya namba peke yake, maikrofoni huenda isionekane. Irudishe kwenye herufi.

Kabla ya mchezo, ijaribu kwa namba tatu ngumu: sitini na saba, tisini na sita, mia moja na tisa. Unatafuta mambo mawili. La kwanza, je, imesikia sawa? La pili ni lile ambalo watu hawaliangalii: je, imeandika tarakimu au maneno? Simu hazifanani katika hili, na kwa macho ya mchezaji "ishirini na tano" ni sawa na 25. Kwa jedwali si sawa hata kidogo. SUM ikikuta maneno huyaruka kimya kimya, bila onyo. Pointi zinaonekana zimeandikwa, kila mtu ameziona, na jumla haikupanda. Ile raundi inayopotea bila mtu kujua, mara nyingi imepotelea hapa.

Ndiyo sababu ya vile visanduku viwili vya ziada. COUNT huhesabu visanduku vyenye namba za kweli tu: mmecheza raundi saba na yenyewe inasema sita, basi kuna mahali pameandikwa maneno. Na D, inayotumia alama ya kujumlisha badala ya SUM, hainyamazi. Ikikuta maneno inatoa kosa la #VALUE!. Jicho nalo linasaidia, maana namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maneno upande wa kushoto. Simu ikiwa inaandika maneno kila mara, usishindane nayo. Andika kwa vidole. Tarakimu mbili hazimchoshi mtu.

Hesabu inayojisahihisha

Uzuri wa karata ni kwamba nyingi zina kikomo kinachojulikana. Kwa meza zinazohesabu ree 11, seti 10, mzungu (karata ya picha) wa nne 4, wa tatu 3 na wa pili 2, kila rangi ina pointi 30, na rangi nne ni 120. Zaidi ya hapo hazipo. Kwa hiyo safu ya D lazima isome 120 kila raundi. Korosho wakiwa na 67 na Ufuta 53, ni sawa. Simu ikisikia tisini badala ya sitini, Korosho watakuwa na 97, jumla itakuwa 150, na kosa limejitangaza lenyewe kabla karata hazijagawiwa upya. Sharti ni moja: hesabuni marundo yote mawili. Meza inayohesabu rundo la mshindi peke yake na kukisia la pili kwa kutoa imejinyima ulinzi huu.

Dhumna ina ulinzi dhaifu kidogo. Kete 28 za kawaida, kuanzia tupu-tupu hadi sita-sita, zina madoa 168 kwa jumla. Kama mnahesabu madoa yaliyobaki mikononi, hakuna raundi inayoweza kuzidi hapo, lakini kosa la 16 kuwa 19 litapita bila kuonekana. Kwa dhumna, basi, mtu wa upande wa pili asome kisanduku kwa sauti kabla ya kuchanganya kete. Bao halihitaji lolote kati ya haya: kete 64 zinazunguka kwenye mashimo 32 na kinachohesabiwa ni nani kashinda. Kulitafutia simu ni kujitafutia kazi.

Vipi kuhusu kuongea na akili mnemba?

Gemini na ChatGPT huongea Kiswahili, na mtu anaweza kuziambia "tutunzie pointi, timu ni Korosho na Ufuta" zikaitika vizuri sana. Huo uitikiaji ndio unaowadanganya watu. Programu hizi hujenga jibu kwa kukisia neno linalofaa kufuata, zikitazama mazungumzo yaliyotangulia. Si lazima mahali fulani ndani yake kuwe na kisanduku chenye namba kinachopanda kila unapotaja pointi. Raundi za mwanzo huenda sawa. Mazungumzo yakirefuka, yakichanganyika na vicheko, mabishano na "hapana, futa hiyo", inaweza kukutajia jumla isiyo sahihi kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Mkipenda kuitumia, msiulize jumla peke yake. Kila baada ya raundi mbili au tatu iambie iorodheshe raundi zote tangu ya kwanza, na pointi za kila upande, kisha ijumlishe. Orodha mnaweza kuikagua. Jumla tupu hamuwezi. Na ikikosea, msiiambie "umekosea" tu, kwani itaomba radhi na kutoa namba nyingine ya kukisia. Itajieni raundi yenye kosa na namba sahihi.

Kuhusu kupendelea: haimjui mtu, lakini pia haimkatai mtu. Mpita njia akichungulia dirishani na kusema "Ufuta ongeza kumi", huenda ikaongeza. Mteueni mtunza pointi mmoja, na maikrofoni iwashwe naye tu.

Bando, usiri na mtandao

Kwamba amri za sauti zinamaliza bando, hesabu yake ni rahisi. Sauti ya utambuzi kwa kawaida hupimwa mara 16,000 kwa sekunde, baiti mbili kila kipimo, yaani baiti 32,000 kwa sekunde kabla haijabanwa. Amri ya sekunde nne ni kama kilobaiti 128. Amri 60 za usiku mzima hazifiki megabaiti 8, na zikibanwa zinakuwa chache zaidi. Video moja fupi ya kumtania aliyefungwa inakula zaidi. Mazungumzo ya wazi na akili mnemba ni habari nyingine, kwa kuwa sauti inakwenda na kurudi muda wote.

Kwamba simu inarekodi kila neno la kibarazani na kulituma, si hivyo inavyofanya kazi. Msaidizi mwenye neno la kuamsha huwa na programu ndogo ndani ya kifaa chenyewe inayosubiri neno hilo tu, ikishikilia sekunde chache za sauti na kuzifuta mfululizo. Kinachotumwa ni kile kinachofuata baada ya kuamka. Wasiwasi wenyewe haukuzuka hewani, hata hivyo: vifaa huamka kimakosa, na mwaka 2019 ilijulikana hadharani kwamba Apple, Google na Amazon zilikuwa na watu waliosikiliza baadhi ya rekodi ili kuboresha mifumo. Maikrofoni ya kibodi ina nafuu hapa, kwani inasikiliza baada ya kuigusa. Anayetaka zaidi aingie kwenye akaunti yake ya Google, sehemu ya data na faragha, afute shughuli za sauti zilizohifadhiwa.

Mtandao ndio udhaifu usiokwepeka. Uandishi wa sauti wa Kiswahili kwa kawaida hupeleka sauti kwenye seva za mbali, na Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nzima ilionja maana yake. Jedwali halina haja ya kufa na mtandao. Kabla ya kuanza, gusa vitone vitatu vya faili hilo kwenye Google Sheets na uchague lipatikane nje ya mtandao. Maikrofoni ikigoma au umeme ukikatika na ruta ikazima, mnaendelea kuandika kwa vidole kwenye jedwali lile lile, na D bado itasoma 120. Ila mwangaza wa skrini upunguzwe na chaji iwe juu ya asilimia 40 kabla ya raundi ya kwanza. Simu ikizima katikati ya mchezo, jedwali limezimika nayo, na kipande cha karatasi chenye jumla za raundi iliyopita ndicho kitakachoamua.